Mwanao Aendapo Njombe

Somo juu ya vijana wetu katika vyuo vya bara, na wale wawaitao katika Ukristo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

SABABU YA SOMO HILI

Mzee mmoja katika watu wa mtaa wetu alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, uso umemsawijika, na simu yake mkononi. Mwanawe yuko Njombe, asomea utabibu katika chuo kimoja cha huko. Akanipa simu nisome waraka aliouleta kijana. Kijana amwandikia babaye kwa adabu, amwuliza hali ya mamaye na nduguze, kisha asema: "Baba, nilipopatwa na homa wiki ya pili, walionitazama ni vijana wa Kikristo wa bweni letu. Waliniletea uji na blanketi. Sasa jioni hukaa nao wakisoma kitabu chao, nao huniuliza maswali juu ya dini yetu, na mengine sina jawabu yake. Nifanyeje?"

Mzee akaniuliza, "Nimrudishe nyumbani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe siku tatu nifikiri." Na haya ndiyo niliyoyafikiri. Nimeyapiga chapa kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye waraka kama huo. Wengine wameupata na wameuficha kwa haya, na wengine wana watoto ambao hata waraka hawawaletei.

NJOMBE NA MAKAMBAKO NI MAHALI GANI

Msomaji ambaye hajafika huko na ajue haya. Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Zambia hupita Morogoro na Iringa, kisha hufika Makambako, mji wa upepo, na hapo njia hugawanyika: moja yaenda Mbeya na Zambia, na moja yashika kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, nayo yapita hapo. Kutoka Makambako hata Njombe ni kama kilomita 60. Ni nchi ya Wabena, nchi ya milima na chai na viazi na miti ya mbao, na baridi yake ya mwezi wa Juni na Julai mtu wa Tanga au Kilwa hajaionja maishani mwake. Tangu mwaka 2012 Njombe ni mkoa mbali; kabla ya hapo ilikuwa katika mkoa wa Iringa.

Wamisionari wa Kijarumani waliotoka Berlin waliingia katika nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga Kidugala na mahali pengine. Wakatoliki na Waanglikana nao wakaja. Leo makanisa hayo matatu, la Kilutheri, la Kikatoliki na la Kianglikana, kila moja lina makao ya askofu wake katika mji wa Njombe. Makanisa ndiyo yenye baadhi ya hospitali na vyuo vya huko, kama ile hospitali ya Kilutheri ya Ilembula na chuo chake cha uuguzi. Waislamu wako, na misikiti iko, Njombe na Makambako. Lakini wao ni wachache katika wengi. Basi kijana wetu ashukapo garini Makambako, na kanzu moja katika sanduku lake, huwa ametoka katika mji ambao adhana humwamsha, ameingia katika mji ambao yampasa aamke mwenyewe.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wako wasemao kwamba kuwahubiria wanafunzi ni hila mpya ya zama hizi. Sivyo. Jambo hili lilianza hapa hapa kwetu pwani. Mwaka 1864 wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walihamia Unguja, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kwa watoto kama hao wakafanya chuo Kiungani, nje ya mji, na katika chuo hicho wakatoka waalimu na makasisi wa Kiafrika waliopelekwa bara. Baadaye chuo kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam. Na mwaka 1873, soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa, kanisa likajengwa mahali pale pale.

Sasa na tuseme kweli, japokuwa kweli ni chungu. Mtoto yule alitekwa kwao, akatembezwa kwa miguu hata pwani, akapakiwa chomboni kama mzigo. Waliomfanyia hayo, wengi wao walikuwa na majina kama yetu. Kisha akaja mtu wa dini nyingine akamfungua, akamlisha, akamvika, akamfundisha kusoma. Je, msomaji, wewe ungekuwa mtoto yule, moyo wako ungemwelekea nani? Dini yetu ilikuwa na fadhila ya kumwacha mtumwa huru, nayo imeandikwa katika Kurani. Lakini mtoto yule hakuisoma Kurani, alitusoma sisi.

Hilo ndilo jambo la kwanza katika somo hili, na yote yafuatayo yamesimama juu yake: moyo wa kijana humwendea yule aliyempokea kwanza. Ilikuwa hivyo Kiungani, na ndivyo ilivyo leo Njombe.

WAFANYALO VIJANA WA KIKRISTO

Nimewauliza vijana wetu waliosoma Iringa, Mbeya na Njombe, nao wamenieleza mambo yanayofanana. Wanafunzi wa Kikristo wana jumuiya zao vyuoni. Iko TAFES ya wale wajiitao wainjilisti, iko UKWATA, na Wakatoliki wana yao. Mgeni anapofika chuoni, hao ndio humchukulia sanduku, humwonyesha bweni, humwambia mahali pa kununua maharage kwa bei nafuu. Wana vikundi vidogo, watu sita au wanane, hukutana chumbani mara moja kwa juma, husoma mlango mmoja wa Biblia, kila mtu husema alivyofahamu, kisha huombeana kwa majina. Mwenzao akiugua humtazama. Akifiwa humchangia nauli. Akikaribia mtihani husoma naye. Wana kwaya na mikesha, na wakati wa likizo baadhi yao huenda miji mingine kuhubiri. Na waliokwisha kuhitimu hawawasahau walioko, huwaletea michango.

Na jambo hili si kosa katika sheria ya nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dini yake, na wa kuieneza, na hata wa kuibadili, maadamu havunji sheria. Haki hiyo ni yao, na ni yetu sawasawa. Kijana wa Kikristo amwitaye mwenzake katika aliloamini kuwa ni wokovu, afanya alivyofundishwa na dini yake. Sisi hatukubaliani naye katika asili ya imani, kwa kuwa twashuhudia kwamba Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na kwamba Nabii Isa ni mtumwa wake na Mtume wake. Lakini kutokubaliana naye si sababu ya kumsingizia. Aliyemletea mwanao uji hakumlisha sumu. Wazee walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Suala litupasalo si kwa nini wao walileta uji. Suala ni hili: sisi tulikuwa wapi?

MAKOSA MAWILI TULIYOYAFANYA

Kosa la kwanza ni la kukimbia. Katika zama za Wajarumani na Waingereza skuli nyingi za bara zilikuwa za misheni, na baba zetu waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana walikuwako waliobadili majina na dini. Lakini wengi hawakufanya jingine badala yake: walimkataza mtoto skuli ya misheni, na skuli yao wenyewe hawakumjengea. Matokeo yake twayajua sote. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alipiga kelele juu ya jambo hili hata akafariki mwaka 1947: kwamba Waislamu wa pwani wasome ilimu za zama zao pamoja na dini yao, wasiache moja kwa ajili ya nyingine. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ya Tanzania ilizitwaa skuli za misheni zikawa za watu wote, na mlango ukafunguka. Lakini aliyeanza safari adhuhuri hamfikii upesi aliyeanza alfajiri. Kumrudisha kijana nyumbani leo kwa sababu ya hofu ni kulirudia kosa lile lile kwa macho mawili.

Kosa la pili ni la kugombana. Katika miaka ya 1980 na 1990 palikuwa na mihadhara mingi mijini, Biblia na Kurani mkononi, watu wakishindana mbele ya makutano. Wako waliofanya kwa ilimu na adabu. Wako pia waliokuwa na hamu ya kuchekesha watu kwa kuitukana imani ya jirani, na wa upande wa pili wakajibu kwa matusi yao, hata mambo yakafika kwa polisi. Ghasia za Mwembechai, Dar es Salaam, Februari mwaka 1998, zilianzia katika tuhuma za mahubiri ya kukashifu, na watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul An'am, tusiwatukane wale waombwao na wengine, wasije nao wakamtukana Mungu kwa ujinga. Na katika Suratul Ankabut ametuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo nzuri. Kijana aliyefundishwa matusi matatu na aya moja hushinda kwa kelele jioni, na usiku alalapo hujua moyoni kwamba swali hakulijibu.

Na kati ya makosa hayo mawili liko la tatu, nalo ni letu sisi wazazi. Neno *chuo* kwetu watu wa pwani lilikuwa ni mahali pa kusoma Kurani kabla halijawa jina la mahali pa kupata shahada. Tulimpeleka mtoto chuo cha kwanza akahitimu juzuu amma kwa sauti nzuri, tukamfanyia karamu, tukamtoa. Maana ya alichokisoma hatukumfundisha. Kisha tukampeleka chuo cha pili miaka mitatu, mbali na nyumbani, na ilimu yake ya dini ni ya mtoto wa miaka tisa. Aulizwapo swali la mtu mzima, hujibu kwa ilimu ya mtoto. Na mtu yeyote hujionea haya kwa nguo iliyombana. Wengi huivua kwa sababu ya haya hiyo, wala si kwa kuwa wameona iliyo bora.

MFANO WA JAAFAR

Mwaka wa tano wa utume Waislamu wa Makka walipoteswa, Mtume (S.A.W.) aliwapa ruhusa wahamie Habasha, nchi ya mfalme wa Kikristo, Najashi. Tazama jambo hili vyema: Mtume hakuwazuia vijana wake kukaa katika nchi ya Wakristo, aliwapeleka yeye mwenyewe, kwa kuwa kule palikuwa na mfalme asiyedhulumu.

Makureshi wakatuma watu wawili, mmoja wao Amr bin al-As, wapeleke zawadi na kuwadai warudishwe. Najashi akawaita Waislamu. Aliyesimama kusema ni Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, naye bado kijana. Hakuanza kwa kuutia aibu Ukristo. Alianza kwa kueleza hali yao ya zamani, jinsi walivyoabudu masanamu na mwenye nguvu akimla mnyonge, na jinsi Mtume alivyowaita katika ukweli na amana na kuunga ujamaa. Mfalme alipotaka kusikia kitu katika alichokuja nacho Mtume, Jaafar akachagua, katika Kurani yote aliyoijua, mwanzo wa Suratu Maryam. Alijua mbele yake wamekaa watu gani. Najashi akalia, na maaskofu wake wakalia.

Siku ya pili Amr akarudi na fitina: waulize wasemavyo juu ya Isa. Hapo ndipo palipokuwa hatari, kwa kuwa Jaafar alikuwa mgeni na mkimbizi, na neno moja lingemrudisha Makka katika minyororo. Lakini hakuficha. Alisema kama alivyofundishwa na Mtume wake: kwamba Isa ni mtumwa wa Mungu na Mtume wake, na neno lake alilompelekea Bibi Maryam. Najashi akawapa amani.

Katika kisa hiki mna faida nne. Ya kwanza, Jaafar alikwenda na ilimu kifuani mwake. Ya pili, alianza kwa yale tunayoshirikiana. Ya tatu, alipofika katika tusiyoshirikiana alisema wazi, bila kutukana na bila kuogopa. Ya nne, na hii husahauliwa, hakwenda peke yake. Alikwenda katika jamaa.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, kabla hajasafiri. Baba na akae na mwanawe, japo usiku thelathini, wasome maana ya Suratu Maryam na Suratu Aali Imran. Tafsiri za Kiswahili ziko. Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, na wanazuoni wetu wakaona tafsiri ya Kitabu chao isiachwe mikononi mwa wengine. Sheikh Al-Amin akaanza yake, na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy akatimiza yake, ikatoka nzima mwaka 1969. Kitabu kilijibiwa kwa kitabu. Kijana ajue kwamba Nabii Isa ametajwa kwa jina lake mara 25 katika Kurani, na ajue ni kwa nini twamheshimu na ni kwa nini hatumwabudu. Akijua hayo, ataweza kukaa katika kikundi chochote bila ya kutetemeka.

Pili, siku afikapo. Kila mji una msikiti, na kila msikiti una imamu. Mpigie imamu wa Njombe au wa Makambako kabla gari halijaondoka, umwambie, "Mwanangu anakuja, mpokee." Waislamu walioko huko, wafanya biashara na watumishi wa serikali, na wawe na zamu ya kwenda vituoni wakati vyuo vifunguliwapo. Sanduku lichukuliwe na ndugu yake. Hili halitaki fedha, lataka mtu aondoke barazani.

Tatu, jamaa. Wanafunzi wa Kiislamu wana jumuiya zao, kama MSAUD katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na TAMSYA katika maskuli na vyuo. Palipo na Waislamu watano chuoni, na wawe na darsa moja kwa juma, na wamtazame mgonjwa wao, na wamtazame hata mgonjwa asiye wao. Walio na kazi na wachange. Waislamu walipopata majengo ya Morogoro wakafungua chuo kikuu chao mwaka 2005, jambo hilo lilikuwa jema na kubwa. Lakini hakiwezi kuwapokea vijana wetu wote, na ilimu nyingine ziko kwingine. Wengi wataendelea kukaa na wenzao Wakristo, na wajue namna ya kukaa.

Nne, mzazi asikie. Kijana aliyeandika ule waraka alimwuliza babaye. Huyo hajapotea, aliyepotea ni yule aliyeacha kuuliza. Ukimpokea kwa ukali mara moja, mara ya pili atamwuliza mtu mwingine.

MASUALA MATATU

Suala: Je, yafaa kijana kupokea chakula na msaada wa wenzake Wakristo?
Jawabu: Chakula cha Watu wa Kitabu tumehalalishiwa katika Suratul Maida, maadamu hakina kilichoharamishwa. Na msaada hulipwa kwa msaada. Ameletewa uji, na apeleke uji. Haifai kula ihsani ya mtu kisha kumwita adui.

Suala: Je, akae nao wasomapo kitabu chao?
Jawabu: Asiyejua dini yake na aanze kwa kuijua. Aijuaye na aweke mipaka wazi: aseme, "Mimi ni Mwislamu, nasikiliza ili nifahamu, nami nitawaeleza ya kwetu." Katika ibada yao asishiriki. Na swali asilolijua aseme, "Silijui, nitauliza." Neno hilo halimpunguzii mtu heshima, maulamaa wakubwa walilisema.

Suala: Na kama baada ya yote mtoto akaacha dini?
Jawabu: Hili ni zito, na baba aliyepatwa nalo moyo wake haukai. Mioyo i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, naye amesema katika Suratul Baqara kwamba hapana kulazimisha katika dini. Usimpige, usimfukuze, usimkate nauli wala simu. Mlango uliofungwa na baba hauna wa kuufungua. Nabii Nuh alimwita mwanawe hata maji yakaja baina yao. Wala hatukusoma kwamba alichoka kumwita.

KHATIMA

Siku ya tatu nilimwambia yule mzee, "Usimrudishe. Mwandikie." Akaniambia hajui aandike nini. Tukaandika pamoja, hapa hapa barazani: "Mwanangu, waliokuuguza Mungu awalipe kheri, wapelekee salamu zangu mimi babako. Maswali waliyokuuliza yaandike yote uniletee, nami nitasoma nawe. Usiku wa kuamkia Ijumaa nitakupigia, tuanze Suratu Maryam."

Jawabu ilirudi kabla ya magharibi, nayo ilikuwa orodha ya maswali kumi na moja. Mzee akayatazama, akaniambia, "Hata mimi siyajui." Nikamwambia, "Basi wanafunzi ni wawili." Na tangu siku hiyo, baada ya isha, yeye huja kwangu na tafsiri yake kwapani.

MASWALI YA KUSOMESHANA BARAZANI

1. Kwa nini Jaafar alichagua Suratu Maryam mbele ya Najashi?
2. Watoto wa Kiungani walitusoma vipi sisi, na watoto wa leo watusoma vipi?
3. Katika mtaa wako, ni vijana wangapi walioko vyuo vya bara, na ni nani aliyewapigia simu mwezi huu?
4. Ni maswali gani ambayo wewe mwenyewe huna jawabu yake, na utamwuliza nani?

Ewe Mola wetu, tulindie wana wetu, wa karibu na wa mbali, watie nuru ya ilimu na uzuri wa tabia, na sisi baba zao utupe masikio ya kuwasikiliza. Amin.